Mchagua Nazi Hupata Koroma: Hoja Dhidi ya Kusaka Namba Bora katika Viashiria vya Bei za Hisa

Fungua programu yoyote ya chati za hisa kwenye simu, chagua kiashiria kiitwacho RSI, kinacholinganisha kupanda na kushuka kwa bei, utakuta namba 14 imeshakaa mahali pake. Hukuiweka wewe, wala hakuiweka dalali wako. Iliwekwa na J. Welles Wilder, mhandisi wa mitambo wa Kimarekani aliyegeukia biashara ya masoko, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1978. Kitabu hichohicho kilileta viashiria vingine ambavyo havijatoka kwenye skrini zetu hadi leo, na vingi vyao vimebeba 14 ileile. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba 14 ni nusu ya mzunguko wa siku 28. Wilder aliandikia watu waliokokotoa kwa mkono, na ndiyo maana njia yake ya kupata wastani huhitaji thamani ya jana na bei ya leo tu, basi.

Ndugu zake 14 nao wana asili za namna hiyo. Gerald Appel alituachia 12, 26 na 9 za kiashiria cha MACD. John Bollinger alituachia siku 20 na mikengeuko sanifu miwili katika bendi zake. Goichi Hosoda, mwandishi wa habari wa Kijapani aliyebuni chati ya Ichimoku, alichagua 9, 26 na 52, na 26 hiyo ilitokana na Japani ya zama zake, ambako watu walifanya kazi siku sita kwa wiki na mwezi wa soko ukawa na siku zipatazo 26. Jumamosi imeshaondoka kwenye ratiba ya soko la Tokyo. 26 imebaki, na kijana wa Mwanza au Mombasa anayechora chati ya hisa za benki anaitumia bila kujua kwamba amebeba kalenda ya watu wengine.

Kwa hiyo mtu akipata kompyuta na kuuliza kwa nini 14, kwa nini isiwe 11 au 19, swali lake ni halali kabisa. Ninachokipinga ni namna swali hilo linavyojibiwa siku hizi. Hujibiwa kwa kuiagiza mashine ijaribu kila namba kwenye bei za miaka iliyopita, kisha ichukuliwe ile iliyoleta faida kubwa kuliko zote. Dai langu ni kwamba namba inayoshinda katika msako wa aina hiyo hueleza msako wenyewe kuliko inavyolieleza soko. Na katika masoko yenye ukwasi mdogo, kama yetu ya Nairobi na Dar es Salaam, tatizo huanza hata kabla ya msako, kwa kuwa kiashiria kinahesabu siku ambazo soko halikuzifanyia kazi.

Ulijaribu ngapi?

Februari mwaka huu kijana mmoja niliyemfundisha takwimu alikuja ofisini na kompyuta yake mpakato. Baada ya shikamoo hakukaa hata kwenye kiti. “Mwalimu, namba zenyewe nimezipata.” Alikuwa amechukua bei za miaka mitano za hisa za benki moja, akaweka wastani unaosonga wa muda mfupi na mwingine wa muda mrefu, akaiagiza programu inunue wa mfupi unapoupanda mrefu na iuze unaposhuka chini yake. Jozi iliyoshinda ilikuwa siku 17 na siku 43. Mstari wa mtaji wake ulipanda kama ngazi. Nikamuuliza alijaribu jozi ngapi kabla ya hiyo. Akafikiri. “Nyingi. Programu ndiyo iliyojaribu.”

Tulihesabu pamoja. Wastani mfupi ulikuwa umetoka siku 5 hadi 50, hatua moja moja, yaani namba 46. Mrefu, katika awamu ya kwanza, ulitoka siku 55 hadi 200 kwa hatua za tano tano, yaani namba 30. Zidisha, unapata jozi 1,380, na hiyo ilikuwa kabla hajarudi kujaribu mirefu iliyo chini ya 55, ambako ndiko 43 ilikopatikana. Hakuna hata moja kati ya jozi hizo iliyoandikwa popote isipokuwa ile iliyoshinda.

Uzito wa idadi hiyo unaonekana vizuri zaidi darasani. Chukua wanafunzi 1,380 wasiojua lolote, wape mtihani wa maswali 20 ya ndiyo au hapana, na kila mmoja ajibu kwa kurusha shilingi. Kwa kawaida mwanafunzi atapata 10. Lakini anayeongoza, katika kundi kubwa kiasi hicho, atapata takriban 17. Ukimwona huyo peke yake, na karatasi yake peke yake, utaapa kwamba amesoma. Alama zake ni za kweli, hakuibia, na msahihishaji hakukosea. Kosa limo katika kumtazama yeye bila kuwatazama wenzake 1,379. Mpe mtihani wa pili na atarudi kwenye 10.

Mwaka 2014 watafiti wanne, David Bailey, Jonathan Borwein, Marcos López de Prado na Qiji Jim Zhu, walichapisha makala katika jarida la Chama cha Hisabati cha Marekani wakiweka jambo hili katika milinganyo. Walitumia kipimo cha Sharpe, yaani faida ya ziada ikigawanywa kwa mtikisiko wake, kipimo ambacho wawekezaji hulinganishia mifumo. Kwa mfumo usio na thamani yoyote, kipimo hicho kinapaswa kuwa sifuri. Lakini kikipimwa kwa miaka mitano tu huyumba kwa takriban 0.45 juu au chini kwa bahati tupu. Ukijaribu mifumo 45 isiyotegemeana, yote ikiwa mitupu, ulio bora kati yake utatarajiwa kuonyesha Sharpe ya 1, ambayo katika biashara hii ni alama ya heshima. Kwa miaka miwili ya bei, yatosha kujaribu saba.

Arobaini na tano. Kijana wangu alivuka idadi hiyo kabla chai yake haijapoa.

Nikiri hapa jambo moja linalompunguzia lawama. Majaribio yake hayakuwa huru. Jozi ya 17 na 43 na jozi ya 18 na 43 hununua na kuuza karibu siku zilezile, kwa hiyo si haki kuzihesabu kama wanafunzi wawili tofauti. Idadi halisi ya majaribio huru katika msako wake ni ndogo kuliko 1,380, na kuikadiria ni kazi ngumu. Lakini kuna majaribio mengine ambayo hata yeye hakuyahesabu. Alichagua benki hiyo kwa sababu chati yake ilimvutia, kumbe alishazikataa hisa nyingine kwa macho. Alichagua wastani unaosonga baada ya kuona kwenye mafunzo kwamba “unafanya kazi”, na waliotoa mafunzo hayo walishajaribu mengine wakayatupa. Msako ulianza zamani, na ulikuwa mkubwa kuliko kompyuta yake.

Lugha yetu ya shule ina neno linalofaa hapa, nalo ni kukariri. Mwanafunzi aliyekariri mitihani iliyopita hupata alama kubwa kwa mitihani iliyopita. Kadiri tunavyouongezea mfumo vigezo, wastani wa tatu, sharti la RSI iwe chini ya 31, marufuku ya kununua Jumatatu, ndivyo tunavyoupa nafasi zaidi za kukariri. Mmarekani David Leinweber alilionyesha hili kwa mfano uliopata umaarufu. Alipekua takwimu za nchi mbalimbali akitafuta chochote kinachofuatana na kipimo cha S&P 500, akakuta uzalishaji wa siagi wa Bangladesh ulieleza asilimia 75 ya mabadiliko yake. Akaongeza jibini la Marekani na idadi ya kondoo, ikafika asilimia 99. Alifanya hivyo kwa makusudi, ili watu wasione tena kwamba ulinganifu mkubwa na yaliyopita ni ushahidi wa kujitegemea.

Miaka mia ya Dow Jones

Mtetezi wa viashiria ana jibu zito, na ni wajibu kulieleza kwa ukamilifu. Mwaka 1992 William Brock, Josef Lakonishok na Blake LeBaron walichapisha utafiti uliowatikisa wachumi waliokuwa wamezoea kuziita chati ramli. Walichukua kipimo cha Dow Jones tangu 1897 hadi 1986, wakajaribu kanuni 26 rahisi: wastani wa siku 50, 150 na 200 ukilinganishwa na bei ya leo au wastani mfupi sana, pamoja na kanuni za kununua bei inapovuka kilele cha siku zilizopita. Baada ya ishara za kununua bei zilipanda kuliko kawaida, na baada ya ishara za kuuza zilifanya vibaya. Waliunda pia historia za kubuni za bei kwa kuchanganya mabadiliko ya kila siku kinasibu, ili kuona kama bahati ingeweza kuzaa matokeo hayo. Mifano ya kawaida ya takwimu ilishindwa kuyaeleza.

Ninauheshimu utafiti huo kwa jambo moja hasa. Hawakusaka. Walichukua namba ambazo wafanyabiashara walikuwa wakizitumia kwa miongo, wakaripoti zote 26, nzuri na mbaya. Hata hivyo walijua, na walisema, kwamba namba zenyewe huenda zilidumu midomoni mwa watu kwa sababu zilibahatika kufanya vizuri katika bei zilezile wanazozipima. Kanuni zilizoshindwa zilisahauliwa. Ni kama kupima busara ya wazee kwa kuwahoji walioishi hadi uzee tu.

Mwaka 1999 Ryan Sullivan, Allan Timmermann na Halbert White walilikabili tatizo hilo ana kwa ana. Badala ya kanuni 26 waliweka mezani kanuni 7,846, wakijaribu kukusanya ulimwengu wote ambamo mtu angeweza kusaka. Kisha wakatumia mbinu ya White iliyouliza si kama kanuni bora inashinda sifuri, bali kama inashinda kile ambacho iliyo bora kati ya kanuni 7,846 za bahati ingekileta. Ndilo swali la mwanafunzi aliyepata 17: linganisha na kiongozi wa darasa la wajinga, usilinganishe na mjinga mmoja. Kwa kipindi cha hadi 1986 kanuni bora ilipita mtihani huo. Lakini kwa miaka kumi iliyofuata, 1987 hadi 1996, bei ambazo hakuna aliyekuwa amezitumia kuchagua, ushindi wake haukuonekana tena.

Ziko tafsiri mbili za mwisho huo. Ya kwanza ni kwamba hakukuwa na kitu tangu mwanzo, na mbinu yoyote ya kurekebisha msako haiwezi kuukamata msako wote. Ya pili ni kwamba kitu kilikuwepo na kikaliwa: kompyuta zilishuka bei, gharama za biashara zikapungua, watu wengi wakafuata ishara zilezile mpaka zikaisha ladha. Sidhani takwimu za Dow peke yake zinaweza kutuamulia. Zote mbili, hata hivyo, zinakubaliana kuhusu mtu anayesaka leo: namba iliyokuwa bora jana haina dhamana.

Gharama nazo zina neno lao. Hendrik Bessembinder na Kalok Chan, mwaka 1998, walizichukua kanuni za Brock na wenzake wakakokotoa ni gharama gani ya kila upande ingemaliza faida yote. Walipata asilimia 0.39 kwa kipindi chote, na 0.22 kwa miaka ya tangu 1975. Naomba msomaji azikumbuke namba hizo mbili mpaka tutakaporudi Nairobi.

Kilele na uwanda

Ikiwa kweli bei huwa na mwelekeo unaodumu kwa muda, na zipo tafiti nyingi za masoko mbalimbali zinazoonyesha kwamba mara nyingi huwa nao, basi mwelekeo huo haujui tofauti ya siku 43 na siku 44. Hisa inayopanda kwa nusu mwaka itaonekana kwa wastani wa siku 40, wa 60 na wa 90. Mmoja utaingia mapema, mwingine utachelewa, faida zitatofautiana kidogo. Ukichora ramani ya faida, wastani mfupi upande mmoja na mrefu upande wa pili, jambo la kweli litatokea kama uwanda mpana ulioinuka. Bahati hutokea kama kilele chembamba, jozi moja iliyosimama juu huku jirani zake zote ziko bondeni.

Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaotafuta njia bora zaidi ya kusaka. Wanayo hisabati nzuri: kuna mbinu za kuiga mageuzi ya viumbe, kuna mitandao ya neva, kuna programu zinazopitia mamilioni ya michanganyiko kwa usiku mmoja. Zote zimeundwa kupanda kilele. Ndiyo kazi ya kikokotozi cha uboreshaji, na kadiri kinavyoifanya vizuri ndivyo kinavyokileta kile ambacho mwekezaji alipaswa kukikimbia. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma, na waliotunga methali hiyo walikuwa wakimwangalia mtu anayezipitia zote kwa uangalifu mkubwa.

Mfano ninaoupenda unatoka Chicago. Mwaka 1983 Richard Dennis na William Eckhardt walibishana kama biashara ya masoko inaweza kufundishwa, Dennis akachukua kundi la watu wengi wao wageni wa kazi hiyo akawapa kanuni. Waliopata kuziona kanuni hizo baadaye walishangazwa na urahisi wake: nunua bei inapovuka kilele cha siku 20, au cha siku 55 kwa mfumo wa pili, pima mtikisiko wa kila soko ili usiweke mtaji mwingi mahali penye msukosuko. Namba 20 na 55 zilitumika kwa sukari, kahawa, dhahabu na hati za serikali bila kubadilishwa. Ukiuliza mbona kahawa haikupewa namba yake, jibu ni kwamba kila namba ya ziada ingekuwa nafasi ya ziada ya kukariri. Uangalifu wao wote uliwekwa kwenye kiasi cha kununua. Swali hilo, nilivyoona mimi, wasakaji wa namba hulifikia wakiwa wameshachoka.

Wapo watakaosema kwamba dawa imeshapatikana, nayo ni jaribio la kusonga mbele ambalo Robert Pardo alilieneza kwa kitabu chake cha 1992. Unachagua namba bora kwa miaka mitatu, tuseme, unaitumia kwa miezi sita inayofuata ambayo hukuigusa, kisha unasogeza dirisha na kurudia. Ni hatua kubwa mbele, na ningemtaka kila mwanafunzi wangu aifanye. Lakini urefu wa dirisha nao ni namba. Matokeo yasipopendeza, mtu hubadilisha miaka mitatu ikawa miwili, miezi sita ikawa minne, akarudia hadi apate mstari unaopanda. Siku aliporudia mara ya kwanza, data aliyoiita mpya ilikuwa imeshakuwa mtihani uliopita. Hakuna mbinu inayomlinda mtu asiyehesabu majaribio yake, kwa kuwa taarifa inayohitajika haimo ndani ya bei. Imo ndani ya daftari lake, au haipo kabisa.

Siku zisizo na biashara

Sasa turudi kwetu. Soko la Nairobi lilianza mwaka 1954, na biashara yake ikahamia kwenye mfumo wa kompyuta mwaka 2006. La Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998. Programu za simu zinazochora chati za masoko haya zimeletwa zikiwa zimeiva na namba za New York ndani yake, na wasakaji wetu wameanza kuziboresha. Ningewaomba wasimame kwanza, watazame kiashiria chenyewe kinafanya nini hisa isipouzwa.

Chukua RSI ya 14. Wilder huweka wastani wa kupanda na wastani wa kushuka, na kila siku hupunguza vyote kwa kuzidisha mara 13 kugawanya kwa 14, kisha huongeza moja ya kumi na nne ya mabadiliko ya leo. Katika soko letu ziko hisa ambazo hupita siku nyingi bei yake ya kufunga ikiwa ileile, kwa sababu hakuna aliyenunua wala kuuza. Mabadiliko ya leo ni sifuri. Wastani wote wawili unapungua kwa kiwango kilekile, na kwa kuwa RSI ni uwiano wao, RSI haitikisiki. Hisa iliyofikia 78 wiki ya kwanza ya Machi, ikalala mwezi mzima, itaamka Aprili na 78 yake. Skrini itasema imenunuliwa kupita kiasi, ilhali hakuna aliyeinunua kwa siku 30. Ukibadilisha 14 kuwa 9 au 21 hali itabaki hiyohiyo. Uwiano hautikisiki kwa namba yoyote.

Na 14 hiyo si siku 14 kama wengi wanavyodhani. Kwa jinsi Wilder anavyofifisha, zaidi ya theluthi moja ya uzito, takriban asilimia 35, hubaki kwa siku zilizotangulia 14 za karibuni. Kwa lugha ya wastani wa kawaida wa kufifisha, 14 yake ni 27. Programu iliyopakia bei za siku 30 na iliyopakia za siku 300 zinaweza kukupa RSI mbili tofauti kwa hisa moja, siku moja, kwa namba moja. Nimeona watu wakibishana kuhusu 14 na 13 kwenye skrini ambazo zilikuwa zinatofautiana zaidi ya hapo kwa sababu ya urefu wa data.

Bendi za Bollinger, yaani mistari inayochorwa juu na chini ya wastani wa bei, nazo hukosea kwa njia yake. Hisa ikifunga shilingi 400 siku 20 mfululizo, mkengeuko ni sifuri na bendi zinabana mpaka ziwe mstari mmoja. Siku inayofuata mtu mmoja ananunua kidogo kwa 405. Wastani unakuwa 400.25, bendi ya juu inakaa karibu na 402.4, na bei iko nje. Kiashiria kinatangaza mlipuko. Hesabu hiyo haitegemei ukubwa wa mabadiliko: baada ya usingizi wa siku 20, hata senti moja huvunja bendi. Ukimpa msakaji hisa kama hizo atapata namba “bora” itakayokuwa imekariri siku ambazo mnunuzi mmoja mdogo alijitokeza.

Kuna pia jambo linalofanya masoko yetu yaonekane kana kwamba yanatabirika kuliko yalivyo. Kipimo cha soko hukokotolewa kwa bei za mwisho, ziwe za leo au za wiki iliyopita. Habari njema ikitoka, hisa inayouzwa kila saa, kama ya Safaricom, huiitikia papo hapo. Nyingine huiitikia siku itakapopata mnunuzi. Kipimo basi hupanda kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na wastani unaosonga utaonekana umekutabiri kupanda huko. Lakini kipimo hakinunuliki, na hisa zilizochelewa ndizo hasa zisizopatikana. Nairobi, vilevile, bei haiwezi kwenda zaidi ya asilimia 10 kwa siku moja. Mshtuko ambao kwingine ungeisha kwa dakika, hapa hugawanywa kwa siku mbili tatu, na kwenye chati hufanana na mwelekeo. Jaribio la kompyuta litanunua siku ya kwanza kwa bei ya kikomo. Mnunuzi wa kweli atakuta foleni ya wanunuzi na hakuna muuzaji.

Zile namba mbili, 0.39 na 0.22, ndizo sasa zinazotakiwa. Tuchukulie dalali, mamlaka na hifadhi ya hisa kwa pamoja wanachukua asilimia 1.5 kila upande, bila kuhesabu pengo kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji, ambalo kwa hisa zisizochangamka laweza kuwa kubwa kuliko ada zote. Kuingia na kutoka ni asilimia 3. Mfumo unaofanya hivyo mara moja kwa mwezi unahitaji faida ya asilimia 36 kwa mwaka ili urudi pale ulipoanzia. Kanuni zilizokufa Marekani kwa gharama isiyofika nusu ya asilimia moja haziwezi kufufuliwa hapa kwa kuhamisha 17 iwe 19. Hapa ndipo ningependa nguvu za vijana wetu ziende, kwenye kupunguza idadi ya safari za kuingia na kutoka, kwa kuwa hilo lina uhakika ambao namba ya kiashiria haiwezi kuupata.

Mwisho ni uchache wa ushahidi, ambao hufichwa na wingi wa siku. Miaka kumi ni siku za soko zipatazo 2,500, na anayesikia hivyo hudhani ana sampuli kubwa. Lakini wastani wa siku 200 hautoi maamuzi 2,500. Kwa hisa inayotulia unaweza kutoa maamuzi kumi au ishirini tu katika muda wote huo. Sampuli yako ni hayo. Ukichagua namba bora kati ya mamia kwa kutumia matukio ishirini, una matukio machache kuliko majaribio, na hakuna mtihani wa takwimu utakaokukubalia.

Nilimrudisha kijana akachore ramani nzima badala ya kilele. Aliiweka rangi, faida kijani, hasara nyekundu, akaja nayo wiki ya pili. Jozi ya 17 na 43 ilikuwa kitone cha kijani peke yake, jirani zake zimefifia pande zote. Alipoweka gharama halisi alizolipa kwa dalali wake, nusu ya ramani iligeuka nyekundu, na lile lililobaki lilikuwa eneo moja pana upande wa wastani mrefu, lenye rangi hafifu. Aliniuliza achukue namba ipi katika eneo hilo. Nikamwambia yoyote ya katikati, mradi aiandike pamoja na tarehe, na idadi ya jozi zote alizojaribu, kabla bei ya kesho haijatoka, kisha asiiguse kwa mwaka mzima. Ameandika 25 na 120, tarehe 3 Machi. Amenipigia simu mara mbili tangu hapo, mara zote mbili akitaka kuibadilisha, na mara zote mbili tumekubaliana asubiri.